NENO "BWANA" NA DENI LAKE

(Maneno yaliyosemwa barazani na mmoja wa watu wetu mwenye duka Ngana, Kyela, alipokuja kuzuru kwao. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasoma.)



 Sisi si watu wa elimu kubwa. Tulisoma chuoni kwa mwalimu wetu, tukakhitimu, kisha tukaingia katika mizani na pishi, na humo ndimo tulimo mpaka leo, na umri wetu umeshapita arubaini. Wakubwa wa baraza hii walitutaka tueleze khabari za watu wetu waliotawanyika bara kwa ajili ya riziki. Tulipokaa kufikiri tuliona kwamba khabari za bei na za safari mnazijua. Basi leo tutasema juu ya neno moja tu, neno ambalo kila mmoja wetu amelitamka tangu alfajiri bila ya kulipima, nalo ni "Bwana".

Ngana iko katika wilaya ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika nchi ya Wanyakyusa, upande wa mpaka wetu na Malawi. Ni nchi ya maji na rutuba. Watu wake hulima mpunga, kakao na ndizi, na michikichi hutoa mawese. Mchele wa Kyela una sifa katika Tanzania nzima, na bila shaka wengi wenu mmeula. Duka letu huko ni dogo: sukari, chumvi, sabuni, viberiti, khanga mbili tatu.

Mwenye duka la shamba hawezi kuuza kwa fedha taslimu peke yake. Mkulima hupata fedha kwa msimu, lakini chumvi huitaka kila siku. Kwa hivyo kila duka lina daftari la madeni. Na katika daftari letu hilo ndimo yalimotokea haya tunayotaka kuyaeleza.

Tusikilizeni tulivyokuwa tukiandika. Aliyekuwa mtumishi wa serikali tulimwandika kwa cheo chake: Bwana Afya, Bwana Shamba, Bwana Mtendaji. Mfanyabiashara mwenzetu aliyekuwa na gari tulimwandika Bwana Fulani, kwa jina lake na la baba yake. Lakini mkulima aliyekuja na matope ya mpunga mpaka magotini tulimwandika kwa bidhaa yake au kwa alama yake: "Mzee wa Ndizi", "Yule wa Bondeni", "Kofia Nyekundu", "Mama Mkaa". Hatukufanya hivyo kwa chuki. Tuliona kuwa ni njia nyepesi ya kukumbuka. Ni mazoea, na wazee walisema kwamba mazoea yana taabu.

Siku moja, wakati wa mavuno, alikuja mzee mmoja kulipa deni lake. Alifuatana na mjukuu wake aliyekuwa ameanza kusoma skuli. Mzee alifurahi kuona mtoto amejua kusoma, akatuomba tumpe daftari amsomee babu yake hesabu. Tukalifungua bila ya kuwaza lolote. Mtoto akaweka kidole, akasoma kwa sauti: "Mzee wa Ndizi. Sukari kilo mbili. Sabuni mche mmoja. Chumvi." Kisha akamuuliza babu yake kwa nini jina lake halimo. Waliokuwapo dukani wakacheka.

Mzee hakucheka. Alihesabu fedha, akaziweka juu ya meza, akasema: "Deni la Mzee wa Ndizi limekwisha, Mpemba. Sasa lipo deni la jina langu, umelikopa miaka minne na hujaliandika." Akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Ndugu zetu, miezi minne ilipita hatukumwona yeye wala mtu yeyote wa mji wake. Mpunga wao ulipita mbele ya mlango wetu ukaenda kupimwa kwingine. Hasara hiyo tuliihesabu kwa shilingi. Lakini lile neno "Mpemba" ndilo lililotukosesha usingizi. Huko bara, mwenye duka aliyetoka visiwani huitwa Mpemba tu, hata akiwa kazaliwa Makunduchi. Na mwenye duka aliyetoka Kilimanjaro huitwa Mangi, ilhali Mangi ni jina la mtawala wa Wachaga, si jina la muuza sukari. Sisi wenyewe kwa muda mrefu tulikuwa tukinung'unika kwamba watu hawa hawataki kujua majina yetu. Kumbe sisi tulikuwa tukiwafanyia hivyo hivyo, tena kwa wino.

Usiku ule tulianza kulipima neno Bwana, na tumeona lina milango mingi.

Kwanza, Bwana ni mwenye kitu. Mwenye shamba ni bwana wa shamba, na zamani mwenye mtumwa alikuwa bwana wa mtumwa. Pili, Bwana ni mume. Mwanamke husema "bwana wangu" na kila mtu akafahamu. Tatu, neno hili limepandishwa mpaka katika dini. Jirani zetu wa Ngana, ambao wengi wao ni Wakristo, humwita Mungu kwa neno hilo, na wakikutana husalimiana "Bwana asifiwe". Sisi Waislamu twasema "Bwana Mtume", rehema na amani zimshukie. Nne, Bwana ni mtu mzima wa kiume yeyote, kama tunapofungua mkutano kwa kusema mabibi na mabwana. Na hata mchukuzi asiye na kitu, siku ya kuoa kwake huitwa Bwana Harusi, na hapana mtu anayemuuliza anamiliki nini.

Wengi wanaochunguza asili za maneno hulitoa neno hili katika Kiarabu, "abuna", yaani baba yetu. Jirani yake ni "Mwinyi", lililotoka katika neno letu "mwenye", na Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu wake mpaka karne ya 19. Basi tazameni: katika neno la heshima kwa mwanamume mna mambo mawili yaliyochanganyika, ubaba na umilikaji. Ubaba hutaka huruma. Umilikaji hutaka utii. Na khabari yote ya neno Bwana katika nchi zetu ni khabari ya mambo mawili haya yakishindana.

Wakati wa utumwa, umilikaji ulishinda. Mwenye kuitwa Bwana alikuwa na nasaba, na aliyemwita hivyo alikuwa hana. Mtumwa aliweza kupewa jina lolote apendalo mwenyewe, na baba yake hakutajwa. Sheria ya kuwa mtu ni mali ya mtu iliondolewa hapa visiwani mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria huandikwa siku moja, na ulimi wa watu huchukua miaka mingi kuifuata.

Kisha ukaja utawala wa wageni. Katika nchi ya Wanyakyusa wamisionari wa Kijerumani walifika mwaka 1891, na serikali yao ikafuata, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja Waingereza. Mkuu wa wilaya akawa "Bwana Shauri", na aliye juu yake "Bwana Mkubwa". Kijana wa Kizungu asiyeota ndevu aliitwa Bwana na mtu mwenye wajukuu, naye alimjibu mtu huyo kwa kumwita "boi". Hatudhani kwamba kuna maneno mawili yaliyoeleza ukoloni kwa ufupi zaidi kuliko hayo. Mmoja hawi mtoto maisha yake yote ila mwengine awe bwana wa kudumu.

Kwa hivyo si ajabu kwamba baada ya uhuru watu walilitilia shaka neno hili. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, na Wanyakyusa nao wakaingia katika hesabu hiyo pamoja na watawala wao waliowaita "malafyale". Ahadi za mwana-TANU zilianza kwa kutaja udugu wa binadamu. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno "Ndugu" lilishika nafasi ya Bwana mikutanoni na katika barua za ofisi. Waziri alikuwa Ndugu, na mfagizi alikuwa Ndugu. Tuseme kweli, hata sisi tusiokubaliana na wakubwa wa siku zile katika mambo mengi: fikra ile ilikuwa njema. Ila neno peke yake halitoshi. Ndugu anayekusubirisha mlangoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akakwambia uje kesho, ni ndugu wa karatasi.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, lugha nayo ilibadilika. "Mheshimiwa" lilitoka Bungeni na Barazani likaenea mitaani, mpaka leo kila mwenye gari la serikali anataka kuitwa Mheshimiwa. Vijana nao, wakiomba kitu, humwita kila mtu "bosi", "mkuu" au "chifu". Machifu waliondolewa kwa sheria, wamerudi stendi ya mabasi. Twacheka, lakini ndani yake mna jambo la kusikitisha. Heshima imekuwa ni bei: humpa mtu kwa kadiri unavyotumai kupata kwake, na siku hana kitu waipokonya.

Mfano mzuri ni yule Bwana Shamba wetu wa daftarini. Ni kijana mwema, amesomea kilimo, na shauri lake lina manufaa. Lakini hana hata jaruba moja la mpunga pale Ngana. Mzee aliyelima bonde lile tangu ujana wake, na kuwalisha watoto na wajukuu kwa jembe lake, yeye ndiye bwana wa shamba kwa maana ya asili ya neno. Na katika daftari letu mmoja alikuwa Bwana Shamba na mwengine Mzee wa Ndizi. Hatusemi Bwana Shamba anyang'anywe jina lake. Twasema tu kwamba kalamu yetu iliona cheo na haikuona mtu.

Hapana budi mtu wa chuoni arejee katika aliyofundishwa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Aya hiyo tuliihifadhi tukiwa wadogo, tukaisoma katika sala mara nyingi, na bado tuliandika "Kofia Nyekundu". Na katika Suratul Ahzab, aya ya 5, iliposemwa juu ya watoto wa kulea, tumeamrishwa watu wanasibishwe na baba zao, kwani huo ndio uadilifu mbele ya Mwenyezi Mungu. Na wasiojulikana baba zao, basi hao ni ndugu zetu katika dini. Litazameni jambo hili. Kumwita mtu kwa jina la baba yake kumetajwa kuwa ni uadilifu, si adabu tu. Na asiyekuwa na baba anayejulikana hakuachwa bila ya jina: amepewa udugu. Hakubaki mtu yeyote wa kuitwa kwa mzigo alioubeba.

Baada ya miezi minne ile tulifunga duka siku moja, tukachukua kilo mbili za sukari na paketi ya majani ya chai, tukaenda kwa yule mzee. Tulimkuta chini ya migomba yake. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha naye akatuamkia kwa Kinyakyusa: "Mugonile." Sisi tulizoea kusikia "Ugonile". Asili ya yote mawili ni kumuuliza mtu juu ya kulala kwake, lakini lile la kwanza ni la wingi, nao hulitumia kwa watu wengi au kwa mtu mmoja wanayemheshimu. Mzee aliyetupita miaka thelathini, aliyekosewa na sisi, alituamkia kwa wingi kwa kuwa tulikuwa wageni katika kiambo chake. Ulimi wetu ulikuwa mzito.

Tukamwambia tumekuja kulipa deni. Akatutajia jina lake kamili, nalo, kama majina mengi ya huko, lilianza kwa "Mwa-". Akatueleza kwamba "Mwa-" ni kama kusema mtoto wa fulani, wa ukoo wa fulani, na baada yake hufuata jina la mkubwa aliyeanzisha mlango ule. Tukamwambia kwamba kwetu sisi huo ndio "bin". Akasema: "Basi mlikuwa mnalijua jambo lenyewe. Kilichokosekana ni kutufikiria kuwa na sisi tuna baba." Hatukuwa na jawabu, wala hatukulitafuta.

Mzee yule alizungumza nasi mpaka jua likapunga. Alitueleza neno la kwao, "ukwangala", maana yake ni starehe ya watu kukaa pamoja kwa wema, wakila, wakizungumza, wakisikilizana. Zamani vijana wa rika moja wa Kinyakyusa walijenga kijiji chao wenyewe wakakaa pamoja mpaka uzeeni, na ukwangala ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyathamini kuliko mengine. Mwanamke wa Kizungu aliyeitwa Monica Wilson alikaa nao katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu yao kilichotoka mwaka 1951 alikiita kwa maana hiyo hiyo ya usuhuba mwema. Mzee akasema kwamba watu hawawezi kuwa na ukwangala ikiwa mmoja ana jina na mwengine hana.

Tuliporudi tulinunua daftari jipya. Tukaandika kila mtu upya, mmoja mmoja: Bwana Fulani Mwa-fulani; Bibi Fulani binti Fulani. Kazi ilichukua siku kumi, kwa sababu ilitulazimu kumuuliza kila aliyekuja jina lake na la baba yake. Wengine walidhani tunataka kuwashitaki kwa madeni. Kijana mmoja aliuliza kama hiyo "Bwana" imeongeza bei ya sukari. Yule tuliyemwita Mama Mkaa, ambaye tumenunua kwake miaka sita, alitaja jina lake taratibu, kisha akatutaka tumsomee tulivyoandika, na tulipomsomea akatutaka tumsomee tena.

Hatusemi kwamba tangu hapo biashara imetajirika. Wapo waliolipa upesi kwa kuona majina yao yamewekwa vizuri, na wapo ambao hawajalipa mpaka leo, mabwana kamili na madeni yao. Na yule mzee amerudi kununua kwetu, lakini bado hutuita Mpemba pale anapotaka kutukumbusha.

Sasa, mabwana, haya ni ya Ngana, lakini hatukuyaleta hapa kuwa hadithi ya mbali. Kila mmoja wetu ana daftari lake, ikiwa si la karatasi basi la moyoni. Hapa petu tunao wachukuzi wa bandarini, wachuma karafuu, wavuvi, na watumishi wa majumbani. Tukiwa juu ya jukwaa twawaita "wananchi watukufu". Tukiwa majumbani twawaita kwa kupiga mluzi. Chama kinacholilia haki lazima kijitazame hapo kwanza, kwa sababu mtu asiyepewa jina lake nyumbani kwa mpinzani hatalitafuta katika sanduku la kura.

Wako watu waliopewa majina ya heshima na umma wenyewe, si kwa amri wala kwa woga. Marehemu Julius Nyerere aliitwa Mwalimu, na marehemu Seif Sharif Hamad, aliyetutoka mwaka 2021, aliitwa Maalim. Walikuwa pande mbili katika siasa, na majina yao hayo mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Wote wawili waliwahi kushika chaki wakasomesha watoto wa watu. Jina lilitokana na kazi, kazi haikutokana na jina. Lakini hao ni wachache. Watu walio wengi hawatapewa cheo cha peke yake, na hawakihitaji. Wanahitaji lile la kila siku, Bwana na Bibi, na jina lao, na jina la baba zao.

Kwa hivyo shauri letu ni fupi. Tusimwite mtu kwa mzigo wake, kabila lake, wala kilema chake. Tusiliweke neno Bwana kwa aliye juu yetu peke yake. Tumpe khasa yule ambaye hatuna tunalolitaraji kwake, maana huyo ndiye anayeonyesha kama twalitoa kwa heshima au kwa tamaa. Na tusipojua jina la mtu, tumuulize. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuuziana miaka minne na mtu usiyemjua jina.

Wazee wetu walisema uungwana ni vitendo. Neno Bwana ni kitendo kidogo kabisa, halina uzito hata wa wakia moja katika mizani, lakini tumeona kwa macho yetu mtu akiondoka dukani kwa kulikosa, na mtu akiomba asomewe mara ya pili kwa kulipata.